Shubaka: shajara ya rezini na taa

Usiku ule, kabla mradi haujawa mradi

Umeme ulikata tumekaa tu, nikafanya kile kila mtu anachofanya, nikalaza simu kifudifudi tochi ikiangalia juu af nikaweka chupa ya maji juu yake. Mwanga ukapita ukaenda kupiga dari, chupa yenyewe ni kama haipo. Pembeni kulikuwa na chupa nyingine imesuuzwa maziwa ovyo ovyo, maji yake yana ukungu kidogo tu, nikaibadilisha bila hata kufikiria na wee, chupa nzima ikawaka. Sio dari, chupa. Toka kitako hadi shingoni ikawa kama imejaa kitu, na ukiangalia vizuri kule chini karibu na tochi kulikuwa na kabuluu fulani ka mbali, juu inaelekea rangi ya machungwa. Nimekaa naiangalia mpaka simu ikazima.

Sasa mi Aya ya Nuru (24:35) nimeihifadhi tangu chuoni nikiwa mdogo, ile ya shubaka (kile kishimo cha ukutani cha kuwekea taa) ambalo ndani yake mna taa, taa imo ndani ya kioo, kioo chenyewe kama nyota. Nimeisoma mara sijui ngapi na siku zote nilikuwa nawaza taa. Usiku ule ndo mara ya kwanza nikawaza kioo.

Wiki ya 1

Wazo liko hivi: shubaka la rezini (plastiki ya maji maji inayogandishwa) lenye kupitisha mwanga, urefu sm 60, upana 35, unene 12, kwa mbele limeingia ndani na juu lina tao kama mashubaka ya ukutani yalivyo. Taa isionekane kabisa. Mtu aone mwili wa shubaka unawaka na asijue mwanga unatoka wapi.

Nimeanza na epoksi ya kawaida ile ya kumwagia mezani, vikombe viwili vitatu vya kujaribia. Kimoja kimeganda vizuri, viwili vimebaki laini kama mkanda wa viatu, ukibonyeza kucha inaacha alama. Nimehangaika siku mbili nikidhani ni baridi. Kumbe kopo limeandika rezini 2 kwa hadena 1 (hadena ndo dawa ya kuigandisha) kwa ujazo, na mimi napima 2 kwa 1 kwenye mizani! Hadena ni nyepesi kuliko rezini, kwa hiyo ukipima kwa uzito unaizidisha na ile ya ziada haina wa kushikana naye, inabaki humo humo inalainisha kila kitu. Nimeandika kwa maka peni kwenye mfuniko: UZITO NI 100 KWA 43. Hiyo ni ya kopo langu, lako soma karatasi yake.

Wiki ya 2

Wiki ya moshi.

Nilitaka kuona kipande kinene kinakuwaje kwenye mwanga, nikachanganya kilo 2 kwenye ndoo, nikaenda kuswali nikasema nikirudi namwaga. Nimerudi nakuta harufu, ndoo imejikunja upande mmoja, moshi mweupe unatoka, na ile rezini imekuwa ya njano kama mkojo wa asubuhi, imepasuka ndani kwa ndani kama barafu. Nimeitoa nje na koleo.

Elimu yake ndo hii, na nilikuwa naijua kwa maneno tu: rezini haikauki, inaganda. Hakuna maji yanayotoka, ni rezini na hadena zinashikana na kila zikishikana zinatoa joto. Ukiimwaga nyembamba joto linatoka juu na chini, hamna shida. Ukiiacha imekaa donge kwenye ndoo joto halina pa kwenda, na joto lenyewe linaharakisha kushikana, na kushikana kunaleta joto jingine, inajikimbiza yenyewe mpaka inapita nyuzi 100 hivi hivi bila moto. Ile ndoo ingekuwa karibu na vitambaa nisingekuwa naandika kwa kucheka.

Kwa hiyo nahamia rezini ya kumwagia unene, ile nyepesi kama maji inayoganda polepole, inaruhusu mpaka sm 5 kwa mmwago mmoja. Inachukua zaidi ya siku nzima kushika. Sawa, subira nitaitafuta.

Kitu kingine nimefanya wiki hii, kidogo tu: nimekata kijiti cha rezini safi kama rula, nusu nimekizungushia foili, nusu kiko wazi, nimekibandika kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua. Nitakiangalia baadaye.

Wiki ya 3

Hakuna.

Wiki ya 4

Mkono wa kulia, pale glavu inapoishia, vipele vyekundu vinawasha balaa. Nilikuwa nafuta matone kwa mkono mtupu "mara moja tu" na sasa naanza kuelewa ile mara moja tu. Epoksi ikishakuzoea vibaya mwili haurudi nyuma, mzio unabaki nao, kuna mafundi wameacha kazi kabisa kwa sababu hata kuingia chumbani kunawavimbisha uso. Sasa hivi glavu za naitrili (sio za lateksi), mikono mirefu, barakoa yenye vichujio vya mvuke, na wakati wa msasa vichujio vya vumbi juu yake. Nafanana na mtu wa kupulizia dawa mende.

Wiki hiyo nilikuwa nasoma habari za watu waliotangulia kwenye hii kazi, ndo nikaona hofu yangu si ya kwangu peke yangu. Kule California miaka ya 60 kulikuwa na kundi la wasanii waliokuwa wanacheza na mwanga na plastiki. Peter Alexander alikuwa anamwaga rezini ya poliesta safi sana, vipande kama maji yaliyosimama, na mwanzoni mwa miaka ya 70 akaiacha kwa ajili ya afya yake. Poliesta ina kemikali ya stairini ndani, ile harufu kali ya boti mpya. Helen Pashgian yeye akaendelea, alikuwa anatengeneza matufe ya rezini ambayo ukizunguka kitu cha ndani kinatokea na kupotea. Na De Wain Valentine alisumbuliwa na tatizo lile lile la ndoo yangu ila kwa ukubwa wake: alitaka kumwaga kitu kikubwa mara moja, bila tabaka na bila kupasuka, ikabidi atengenezewe rezini yake kabisa. Nguzo yake ya kijivu ya 1975 hadi 76 ina kama mita 3.6 kwenda juu na inakaribia kilo 1,600, mmwago mmoja. Mmoja! Nimefunga simu nikaiangalia ndoo yangu.

Wiki ya 5 na 6

Hapa ndo niliposhikwa, acha niandike kwa kirefu.

Nimetengeneza kipande kidogo cha rezini safi, bila doa, bila povu hata moja. Mapovu nimeyamaliza kwa kuchanganya polepole bila kupiga kama mayai, kuiacha itulie, af pampu ya vakyumu dakika kama kumi mpaka inachemka povu na kushuka yenyewe. Nikaisugua msasa 400, 800, 1500, 3000 na polishi juu. Kizuri mpaka unaogopa kukigusa. Nikaweka taa chini yake, na hakiwaki. Ni ile chupa ya maji tena. Mwanga unaingia chini unatokea juu, na ule unaogonga kwenye kuta za pembeni kwa mlalo unarudishwa ndani kama umegonga kioo, kwa sababu rezini inaupinda mwanga kwa kiasi cha 1.5 na ukuta uliosuguliwa vizuri haumwachii mtu. Unaona doa la taa kule chini na kingo za juu zinametameta basi. Katikati pamekufa.

Wiki tano nimekimbiza usafi, na usafi ndo unaoificha nuru.

Nikarudi kwenye maziwa, sio maziwa yenyewe maana yangeoza humo, ila rangi nyeupe ya titani, ile inayowekwa kwenye rangi za ukutani. Punje zake ni ndogo sana, sehemu ya elfu ya milimita ukiigawa tena mara nne, na kila punje ikipigwa na mwanga inautawanya kila upande. Sasa tatizo la hii rangi ni kwamba ina nguvu ya ajabu. Nilichovya ncha ya kijiti cha meno kwenye gramu 100 za rezini, ikawa nyeupe kama sahani. Hamna mwanga unaopita, mlango umefungwa. Nikatengeneza mchanganyiko wa kupunguza, gramu 1 ya rangi ndani ya gramu 99 za rezini, halafu kutoka humo nikawa nahesabu matone. Tone moja kwenye gramu 200: huoni tofauti ukikishika mkononi mchana, unasema hii si safi tu. Kiweke gizani juu ya taa, kinawaka mpaka ndani.

Nimefanya vipande 14 vya hivyo, vimepangwa dirishani na namba. Cha 3 na cha 4 ndo vinanimaliza. Mchana vinaonekana kama ukungu wa asubuhi. Pia nimejaribu ile silika nyepesi kama moshi wanayotumia kufanya rezini iwe nzito, hiyo inaleta ile rangi ya chupa kabisa, ukiiangalia kwa ubavu ni buluu na ukitazama taa kupitia kwake ni machungwa, sababu ile ile ya mbingu na machweo, mawimbi mafupi yanatawanywa kuliko marefu. Nimeipenda kuliko nilivyotegemea ila inashika mapovu vibaya mno, itangoja kazi nyingine.

Wiki ya 7

Nimempelekea maalim wangu, yule aliyenisomesha chuoni, cha 3 na cha 4 na mchoro. Nilikuwa na wazo la kuiandika aya yenyewe ndani ya rezini, herufi za kuchonga zinazowaka, kama zile taa za misikiti za enzi za watawala wa Mamluki huko Misri na Shamu karne ya 14, kioo kimepakwa rangi ya enameli na wengi waliandika aya hii hii shingoni, ukiwasha taa maneno yenyewe yanakuwa mwanga. Niliona hakuna wazo zuri kama hili duniani.

Akakishika cha 4 akakigeuza geuza dirishani, akauliza, "Na hili unalisugua kwa msasa?"

Nikamwambia ndio maalim, karibu wiki nzima.

"Na vumbi lake linaenda wapi?"

Nikanyamaza. Linaenda sakafuni, linafagiliwa, linaenda jaani. Vumbi la herufi za aya.

"Basi usiandike," akasema. "Halafu mwanangu, watu wakikuuliza usiseme umetengeneza nuru. Sema umetengeneza shubaka."

Nilitoka pale nimenuna kidogo nikiri. Herufi nilishazichora zote. Ila vumbi lile sina jibu lake mpaka leo, kwa hiyo hakuna maandishi.

Wiki ya 8

Kalibu. Plaiwudi kwa nje na silikoni kwa ndani. Kiini cha lile shimo la mbele nimekichonga povu gumu, nikakipaka na kukisugua mpaka kikawa laini kama yai, kwa sababu kila mkwaruzo wa kiini unahamia kwenye rezini. Tao limenikataa mara mbili, upande mmoja ulikuwa umeinuka milimita 3 na jicho linaona milimita 3, usidanganyike. Sitaandika zaidi, kazi ya kalibu ni kazi ya kalibu.

Wiki ya 9 hadi 11: mmwago

Tatizo la taa kuwa chini ni kwamba kitako kinawaka sana na tao linabaki giza, mwanga unaishiwa njiani. Nimelizungukia usiku mzima af nikapata: nisimwage rezini ya aina moja. Kalibu isimame wima, nimwage tabaka 12 za sm 5, ya chini kabisa iwe safi ili mwanga upite bila kupotezwa, na kila tabaka liongezwe ukungu kadiri linavyokwenda mbali na taa, ili mwanga mchache unaofika juu ukute vya kuushika vingi zaidi. Baadaye nikakumbuka kioo cha simu cha LCD, kile chenye taa pembeni, kinawashwa kwa akili hiyo hiyo, vinukta vya kutawanya mwanga ni vichache karibu na taa na vinaongezeka kadiri unavyoenda mbali, kwa hiyo sijagundua chochote, ila nimefurahi kufika mwenyewe.

Hesabu ya matone kwa kila tabaka, kuanzia chini: 0, 1, 1, 2, 3, 4, 6, 8, 11, 15, 20, 27.

Kila tabaka ni kama kilo moja na nusu. Mpango ni kumwaga linalofuata lile la chini likiwa bado linanata kidogo, ukigusa kidole cha glavu kinashika lakini hakitoki na kitu. Hapo zinashikana kikemia zinakuwa mwili mmoja. Ukichelewa ikaganda kabisa inabidi uisugue kwanza ishike, na ule mstari utauona maisha. Maana yake nimekuwa mtu wa kuamka saa nane usiku kugusa rezini. Naigusa, bado, narudi kulala, naamka saa kumi, tayari, napima, nachanganya dakika sita nikiangalia saa, natoa mapovu, namwaga kwa uzi mwembamba pembeni, nafunika vumbi lisiingie, na hapo adhana ya alfajiri inalia. Siku zote hizo nimeishi hivyo. Nilikuwa naswali nikiwa na usingizi na harufu ya rezini puani, lakini sijui niseme vipi, mikono ilikuwa imetulia kuliko miaka mingi iliyopita.

Siku ya tabaka la 7 simu ikaita katikati ya kuhesabu matone. Nimepokea, nimeongea dakika moja, nimerudi, na sikumbuki kama yale sita nimeshaweka. Kikombe ukikiangalia huwezi kujua, ndo shida ya ukungu mdogo. Nikajiambia bado, nikaweka. Nilikuwa nimeshaweka.

Simu sasa inakaa chumba kingine.

Wiki ya 12 hadi 14

Nimeliacha wiki nzima ndani ya kalibu ligande mpaka mwisho, halafu kulitoa. Silikoni inabanduka na sauti kama busu. Kilo 18 na ushee, nimelibeba kama mtoto mchanga.

Msasa, msasa, msasa, wa maji ili vumbi lisiruke. Hapa kuna uamuzi ambao nilibadilisha mara tatu: uso wa nje uwe wa kung'aa au wa ukungu? Ukisugua hadi kung'aa, unaona ndani lakini pia unajiona mwenyewe na dirisha na bomba la maji. Ukiacha kwenye msasa 400 uso unakuwa kama ngozi, unaachia mwanga utoke taratibu kila mahali. Nimefanya nje yote 400, na ndani ya shimo tu, pale jicho linapoingia, nimesugua mpaka ling'ae. Kitako cha chini kinachopokea taa nacho kinang'aa. Sijutii.

Wiki ya 15

Taa. Nimetumia mkanda wa LED wa rangi ya joto, kelvini 2700, na jaribio la kwanza lilikuwa aibu: nukta nukta nukta, kila balbu inaonekana kama kituo cha basi. Nimeushusha sm 4 chini ya kitako na kuweka kipande cha plastiki ya akriliki nyeupe kama maziwa katikati, nukta zikapotea. Mkanda umegandishwa kwenye bati la aluminiamu ili joto liende huko, kwa sababu epoksi iliyogandia chumbani inaanza kulegea ikifika nyuzi 50 au 60 hivi na sitaki shubaka likae chini taratibu kama mzee aliyechoka. Dima (swichi ya kupunguza mwanga) ya kwanza ilikuwa inapepesa ukiishusha, macho hayaioni ila kichwa kinauma, nimebadilisha.

Af nikazima kila kitu nikawasha.

Tao linawaka sawa na kitako. Kule chini kwenye tabaka safi huoni chanzo, unaona tu weupe unaanza pahala fulani ambapo huwezi kuonyesha kwa kidole, unapanda, na kwenye tao ni wa dhahabu kidogo kwa sababu hadi kufika kule buluu imeshatawanywa njiani. Ndani ya shimo hamna kitu. Ni nafasi tupu na imejaa.

Na kiunoni, mkanda. Tabaka la 7, mara mbili ya ukungu wake, linawaka kuliko jirani zake kama mtu amelifunga shuka. Kila aliyekuja ananiambia ndo pazuri zaidi. Mi naona simu ikiita.

Wiki ya 16

Maalim alikuja baada ya isha. Nikamwekea kiti, nikazima taa ya chumbani. Amekaa robo saa hasemi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza matone na tabaka na kelvini, nikaona ninyamaze. Mwisho akainama akachungulia kwa chini, akachungulia kwa nyuma, akasema, "Taa umeiweka wapi?"

Nikamwambia.

"Ulifanya vizuri kuificha." Af akaomba maji ya kunywa.

Wiki ya 19

Nimekitoa kile kijiti dirishani, cha wiki ya 2. Nimefungua foili. Nusu iliyofunikwa iko vile vile, maji. Nusu iliyokaa juani imeshika rangi ya chai nyepesi, sio sana, ila ukiziweka pamoja juu ya karatasi nyeupe huhitaji kuambiwa. Ni miale ya urujuanimno ya jua inayovunja vunja epoksi polepole. Dawa za kuzuia zipo na rezini yangu ya shubaka inazo, zinachelewesha, hazizuii. LED yangu haina miale hiyo kwa kiasi cha kuogopesha, ni jua ndo lenye kazi hiyo.

Na mimi mahali nilipokuwa nimelipangia ni mbele ya dirisha la mashariki, kwa sababu asubuhi moja niliacha pazia wazi na kabla jua halijachomoza, taa imezimwa, shubaka zima lilikuwa la buluu ile ya chupa. Sijawahi kuliona zuri vile hata likiwa na taa.

Nimeongea na fundi wa vioo kuhusu ile karatasi ya dirishani inayochuja miale, nitaibandika kesho. Itapunguza. Shubaka nimeliacha pale pale mashariki, na kijiti nimekirudisha dirishani nyuma ya hiyo karatasi, foili mpya, nusu wazi. Nitakifungua wiki ya 40.